UZI: Unga mweupe kwenye majani ni kuvu nyingi zenye sura moja, na kila moja ina mmea wake

JaniBichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa maboga, mdau alishauriwa ang'oe mawaridi yote yaliyo jirani na matuta yake, eti ndiyo yanayotunza ugonjwa wa unga mweupe, yaani ubwiriunga. Wengine wakaunga mkono, mmoja akaongeza kwamba achome hata njegere. Sikutaka kuuchafua uzi wa watu, nimefungua wa kwangu. Mawaridi hayana hatia. Ubwiriunga wa waridi hauli boga, na wa boga hauli waridi, hata mimea hiyo ikipandwa mpaka majani yanagusana.

Kinachochanganya watu ni sura. Ubwiriunga (wengine mnauita ukungu mweupe) unaonekana vilevile karibu kila mahali: madoa meupe ya mviringo juu ya jani, yanapanuka, yanaungana, mwisho jani zima ni jeupe, linageuka njano na kukauka. Kwa macho matupu wa tango na wa njegere huwezi kuwatofautisha. Hapo ndipo mtu anapodhani ni gonjwa moja linazunguka bustanini. Kumbe ni ukoo mzima wa kuvu, Erysiphaceae, wenye spishi zipatazo 900, na mimea inayoshambuliwa na ukoo huo inafika aina 10,000 hivi. Yote ni mimea inayotoa maua, misonobari haimo.

Kwa nini kila kuvu ing'ang'anie mmea wake? Ni kwa sababu ya namna inavyokula. Kuvu inayoozesha matunda huua kwanza, halafu inakula maiti. Ubwiriunga hauwezi kula kilichokufa. Spora (kijimbegu kidogo mno cha kuvu) ikitua juu ya jani, ndani ya saa chache inatoa kijiuzi, kijiuzi kinajibandika, kinatoboa ngozi ya jani, na ndani ya seli moja tu ya ngozi kinajenga kinyonyeo. Seli hiyo haifi. Inaendelea na maisha yake huku sukari ikivutwa. Sehemu kubwa ya mwili wa kuvu inabaki nje, na ndiyo huo unga unaoufuta kwa kidole. Ni kupe wa majani: mwili nje, mdomo ndani, na ng'ombe akifa kupe naye hana chake.

Kazi ngumu ni kuingia kwenye seli hai bila kuishtua. Mmea ukimgundua mvamizi, seli iliyotobolewa hujiua yenyewe, na kuvu isiyoweza kula kilichokufa inafia hapohapo. Kwa hiyo kila kuvu ya aina hii hubeba mamia ya protini ndogo za kuzima ulinzi wa mmea fulani. Za kuzima ulinzi wa shayiri hazifui dafu kwenye ngano. Mwaka 2010 wanasayansi walichapisha vinasaba vyote vya ubwiriunga wa shayiri. Walikuta herufi za vinasaba kama milioni 120, nyingi kuliko za kuvu nyingi za kundi lake, lakini jeni kadhaa ambazo kuvu nyingine huzitumia kujilisha zimepotea, kwa mfano za kutumia naitreti. Imezoea kupewa. Ndiyo maana huwezi kuiotesha kwenye sahani ya maabara; lazima umpatie jani lililo hai.

Kwa hiyo ukitaka kuijua kuvu, uanze kwa kuujua mmea. Maboga, matango na matikiti yanashambuliwa zaidi na Podosphaera xanthii. Waridi lina Podosphaera pannosa, mtufaha una Podosphaera leucotricha, stroberi ina Podosphaera aphanis. Mzabibu una Erysiphe necator, njegere Erysiphe pisi. Nafaka zina Blumeria, na hata humo ya ngano haiipati shayiri. Kufanana kwa jina la kwanza kusiwatishe. Ni undugu wa ukoo, chakula mbalimbali.

Karibuni kwa hoja. Matusi pelekeni kwenye siasa.

---

Kibuyu77

Mkuu nimekuelewa nusu. Mimi ulianza kwenye maboga, baadaye ukaingia kwenye matango, sasa hivi upo kwenye matikiti. Kama si kuhama ni nini hicho?

---

JaniBichi

Kibuyu77, huko ni kuhama, tena kwa kweli kabisa, kwa sababu mimea hiyo mitatu ni ukoo mmoja na kuvu yao ni moja. Kwa kuvu hiyo umepanda shamba moja lenye milango mitatu wazi. Ukitaka kupunguza shida, usipande matango mapya jirani na maboga yaliyozeeka na kujaa unga, hasa upande ule upepo unakoelekea. Spora zinasafiri kwa upepo, na nyingi huachiliwa mchana jua likiwa kali na hewa kavu. Toka kuambukizwa hadi jani kutoa spora mpya, hali ikiwa nzuri kwake, ni siku 5 hadi 7. Sasa piga hesabu mwenyewe msimu mmoja una vizazi vingapi.

Lakini mahindi, maharage na mawaridi yaliyo katikati ya hayo maboga yako hayana habari nayo.

---

MamaWaridi

Asante kwa kututetea sisi wenye maua, kaka. Watu wakiona waridi wanaona pambo tu, la kung'olewa likizua neno. Niulize: waridi langu lipo karibu na mti wa mpichi. Nao niuache?

---

JaniBichi

Dada yangu, hapo ndipo ningekuwa macho. Podosphaera pannosa ya waridi inaweza kuingia kwenye mpichi, kwani waridi na mpichi ni ukoo mmoja. Kwenye mpichi hushika majani machanga na matunda yakiwa bado madogo. Tunda linapata doa jeupe, baadaye ngozi pale inakuwa ngumu na kahawia. Tunda likishakomaa kiasi haliingiliki tena. Using'oe kitu. Pogoa waridi ili hewa ipite, kata vikonyo vyenye unga mapema kabla mpichi haujaanza kutunda, na ukipata nafasi ya kupanda upya uwatenganishe.

Yaani mshauri yule angesema "waridi na mpichi" badala ya "waridi na boga", uzi huu nisingeufungua.

---

Chapakazi

Naheshimu sayansi lakini mimi mtu wa vitendo. Chanzo ni maji. Unyevu ndiyo mama wa ukungu wote. Acha kumwagilia majani, mwagilia shina, habari imekwisha.

---

JaniBichi

Chapakazi, kwa magonjwa mengi ya majani uko sahihi, ila umeukuta ugonjwa ambao ni kinyume. Spora za ubwiriunga zimebeba maji yao ndani, tena mengi, kwa hiyo zinachipua kwenye jani kavu kabisa. Maji yakisimama juu ya jani, spora nyingi zinashindwa kuchipua au zinapasuka. Mvua kubwa inaziosha. Kinachoupa nguvu ni mchanganyiko huu: hewa nzito ya unyevunyevu usiku, mchana mkavu wenye upepo, joto la wastani kati ya nyuzi 20 na 27 hivi, kivuli, na mimea iliyobanana. Joto likipanda kupita nyuzi 35 wengi wao husimama. Ndiyo maana wakulima wa vitalu vya nailoni wanaulalamikia zaidi kuliko wa shamba la wazi: mvua haifiki, hewa imetulia, kivuli kipo.

Simaanishi uanze kumwagilia majani kila jioni. Utafukuza ubwiriunga na kukaribisha mengine, ukiwemo ubwiri vinyoya, ambao watu wanauchanganya na huu. Ubwiri vinyoya si hata kuvu halisi, ni kiumbe wa kundi jingine lililo karibu zaidi na mwani, na wenyewe unahitaji jani lililolowa. Geuza jani: kama juu kuna madoa ya njano yenye kona, yamefungwa na mishipa ya jani, na chini kuna manyoya ya kijivu au zambarau, huo ni vinyoya. Salfa, ile dawa ya vumbi inayopigwa kwenye ubwiriunga, haitakusaidia kitu. Wengi wanaosema "nimepiga salfa haikufanya kazi" walipiga ugonjwa mwingine.

---

Kizibo

Swali la kijinga: unampata binadamu? Nimeshika majani hayo mikono mitupu.

---

JaniBichi

Hapana. Bila seli hai ya mmea wake hauna pa kuishi. Nawa mikono tu kabla hujagusa mmea mwingine wa ukoo uleule, usije ukawa wewe ndiye upepo.

---

MzeeWaZabibu

Vijana, hamjambo. Nimesoma kimya kimya nikaona zabibu imetajwa kwa mstari mmoja tu, nikasema hapana, hapa lazima niketi.

Mwaka 1845 huko Margate, Uingereza, mtunza bustani aitwaye Edward Tucker aliona unga mweupe kwenye mizabibu ya ndani ya nyumba ya kioo. Hakuna aliyekuwa ameuona Ulaya. Mwaka 1847 Miles Joseph Berkeley, kasisi aliyekuwa mjuzi wa kuvu, akauelezea kisayansi na kuupa jina la Tucker: Oidium tuckeri. Ndiyo hiyo Erysiphe necator ya leo. Ilitoka Amerika Kaskazini, ambako mizabibu ya porini imeishi nayo tangu zamani na imejifunza kuivumilia. Mizabibu ya Ulaya haikuwa imeionja kabisa.

Ikavuka bahari kwenda Ufaransa, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 ilikuwa imeenea nchi za mizabibu, ikafika hadi kisiwa cha Madeira na kuwafilisi watu. Mavuno ya divai ya Ufaransa mwaka 1854 yalishuka hadi hektolita (lita mia kila moja) milioni 11 hivi, ilhali miaka michache kabla yalikuwa yakipita milioni 40. Punje zinashikwa zikiwa changa, ngozi inaacha kukua, nyama ya ndani inaendelea kukua, punje inapasuka mpaka mbegu zinaonekana.

Kilichowaokoa ni salfa. Tucker mwenyewe alikuwa ameijaribu pamoja na chokaa. Baadaye Wafaransa wakajua kuipuliza ikiwa vumbi kavu, na katikati ya miaka ya 1850 ikawa kazi ya kawaida ya kila msimu. Mpaka leo bado inatumika, kuvu haijaizoea, kwa sababu salfa inaiharibu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja.

Sasa sikieni balaa lenyewe. Watu waliona mizabibu ya Amerika haiugui sana, wakaagiza miche yake ije Ulaya. Kwa miche hiyo akaingia mdudu wa mizizi, filoksera, na kuanzia miaka ya 1860 akaangamiza mashamba kuliko kuvu yenyewe ilivyofanya. Kuvu imewaletea miche ya kigeni, na miche imewaletea mdudu.

---

JaniBichi

Shikamoo mzee. Hii peke yake ingekuwa uzi. Nanyi wengine oneni: mizabibu ya Ulaya ilikuwa imezungukwa miaka yote na ubwiriunga wa mawaridi, wa mitufaha, wa ngano. Hakuna hata mmoja uliovuka kuja kwenye zabibu. Ilibidi ije ya zabibu yenyewe kutoka ng'ambo.

---

MzeeWaZabibu

Marahaba. Umeiweka vizuri kuliko mimi.

---

Darubini

Nimesubiri hadi mmalize kupongezana.

JaniBichi, unachosema kinakubalika kwa sehemu kubwa, ila umekifunga mno. Nina hoja tatu.

Kwanza, Leveillula taurica. Hiyo inashambulia pilipili, nyanya, bilinganya, na mamia ya mimea mingine ya koo zisizohusiana kabisa. Kila kuvu na mmea wake uko wapi hapo?

Pili, tritikale. Ni nafaka iliyotengenezwa na watu kwa kuchanganya ngano na nafaka nyingine iitwayo rai. Ilipoanza kulimwa kwa wingi Ulaya ilisifiwa kwamba ubwiriunga hauiwezi. Mwaka 2001 hivi ukaanza kuonekana. Vinasaba vilipokuja kusomwa, matokeo yakatoka mwaka 2016: kuvu ya tritikale ni chotara wa kuvu ya ngano na kuvu ya rai. Binadamu amechanganya mimea, kuvu nazo zikachanganyika zikaifuata.

Tatu, mialoni ya Ulaya. Mwaka 1907 ilishikwa na ubwiriunga mkali ambao haukuwa unajulikana, ukasambaa bara zima ndani ya miaka michache. Kwa miaka mingi watu waliutafuta ulikotoka kwenye mialoni ya nchi nyingine. Baadaye vinasaba vikaonyesha kwamba kuvu za mialoni, Erysiphe alphitoides na mwenzake Erysiphe quercicola, zinafanana mno na zile zinazokaa kwenye miembe, miti ya mpira na mikorosho ya nchi za joto. Mwaloni na mwembe wapi na wapi?

Usiwaambie watu kuvu haihami. Inahama, ila kwa nadra.

---

JaniBichi

Darubini, huu ndio mchango niliokuwa naungoja, na uzi umeanza kunoga.

Kwenye tritikale umenisaidia mwenyewe. Kuvu ya ngano peke yake ilishindwa, ya rai peke yake ikashindwa. Ilibidi zizae pamoja ndipo zipate mseto wa protini unaofaa mmea wenye asili mbili. Hicho ni kipimo cha jinsi mpaka ulivyo mgumu.

Mialoni nakuachia kabisa. Lakini tofautisha kuhama kwa karne na kuhama kwa wiki. Mkulima anayeng'oa waridi Jumamosi hazuii tukio la aina ya mwaka 1907. Anapoteza waridi.

Leveillula ndiyo inayostahili kuelezwa, maana ni ya pekee. Nyingine zote nilizozitaja zinakaa juu ya ngozi ya jani. Hii inaingia kupitia vitundu vya kupumulia, inatandaza nyuzi zake ndani katikati ya nyama ya jani, halafu inatoa spora nje kupitia vitundu hivyohivyo upande wa chini. Wataalamu wanaiona ni kundi la kuvu zinazofanana kuliko spishi moja, na hapo pengine ndipo siri ya wingi wa mimea yake ilipo.

---

HohoNyekundu

Ngoja, ngoja. Mnaongelea pilipili? Hoho zangu zina madoa ya njano juu, hakuna unga kabisa, majani yanapukutika, matunda yanabaki uchi juani yanaungua. Bwana mmoja kaniambia ni upungufu wa magnesia.

---

Darubini

Geuza jani. Ukiona chini yake, sawasawa na lile doa la njano, kuna vumbi jeupe hafifu, hiyo ni Leveillula. Upungufu wa magnesia unaanza katikati ya mishipa kwa mpangilio, majani ya chini kwanza, pande zote mbili zinafanana, na hauna vumbi.

---

HohoNyekundu

Nimegeuza. Lipo. Asanteni sana, nilikuwa nishaanza kuweka chumvichumvi ya magnesia.

---

JaniBichi

HohoNyekundu, pole. Kwako salfa inafanya kazi kama kinga tu, kabla haijaingia. Ikishakuwa ndani ya jani, vumbi la juu haliifikii. Unahitaji dawa inayopenya, na uipulize ukilenga upande wa chini. Majani yaliyokwisha kugeuka njano hayarudi. Unapigania yanayokuja.

---

MamaWaridi

Na zile za nyumbani je? Maziwa, magadi, mwarobaini. Kila mtu ana yake.

---

JaniBichi

Maziwa si porojo. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha jaribio la maziwa mabichi ya ng'ombe kwenye maboga machanga ndani ya kitalu. Maziwa ya asilimia 10 kwenda juu, yakipulizwa kila wiki, yalilinda majani sawa na dawa za dukani alizolinganisha nazo au kuzizidi. Yanataka jua ili yafanye kazi vizuri, yapulizwe kabla unga haujatapakaa, na ukiyazidisha jani linaota ukungu mwingine usio na madhara lakini wenye harufu ya kukufukuza bustanini. Kwa waridi mbili tatu yanafaa. Kwa ekari, kunywa tu maziwa yako.

Magadi ya kuokea yanabadilisha hali ya juu ya jani na kuikausha kuvu, ila sodiamu inabaki, na ukirudia mara nyingi majani na udongo vinaumia. Magadi ya potasiamu ni bora kuliko hayo ya sodiamu. Mafuta, yakiwemo ya mwarobaini, yanaua kilichopo kwa kukifunika, kwa sababu kuvu yenyewe iko nje. Hiyo ndiyo faida yetu: adui mwenye mwili nje anafikika.

Onyo moja tu ambalo nalisema kwa herufi kubwa: USIPIGE SALFA NA MAFUTA KARIBU KARIBU. Acha wiki mbili katikati, la sivyo majani yanaungua. Na usipige salfa joto likipita nyuzi 32. Baadhi ya matikiti yanaungua hata kwenye joto la kawaida. Jaribu kwenye majani machache kwanza.

---

Chapakazi

Mimi nina dawa ya kupenya, mwanzo ilikuwa inafagia, siku hizi ni kama napuliza maji. Feki hizi.

---

Darubini

Inaweza kuwa feki, lakini kabla ya kumlaumu muuzaji angalia historia. Dawa za kundi la strobilurini zilipoingia kwenye ngano Ulaya katikati ya miaka ya 1990, zilionekana mwarobaini wa kila kitu. Mwaka 1998 ubwiriunga wa ngano kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa umekwisha kuzishinda. Badiliko la herufi moja kwenye jeni moja lilitosha. Kuvu yenye kizazi cha wiki moja, inayotoa spora kwa mamilioni, ukiipiga kwa silaha ileile kila mara, unaichagulia watoto wasiosikia silaha hiyo. Soma kwenye kibandiko kundi la dawa, si jina la chupa. Chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa kundi moja. Badilisha makundi, na tia salfa katikati.

---

Kibuyu77

Si afadhali mbegu zisizougua, tuachane na mabomba ya mgongoni?

---

JaniBichi

Zipo, na moja ina asili yake hapahapa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakusanyaji wa Kijerumani walichukua mbegu za shayiri za kienyeji Ethiopia. Ndani yake kulikuwa na shayiri ambazo ubwiriunga hauzipati kabisa. Ilikuja kugundulika kwamba zina hitilafu kwenye jeni iitwayo Mlo. Jeni hiyo ikiwa nzima ndiyo inayoirahisishia kuvu kuingia. Ikiharibika, seli inajenga ukuta mnene pale inapotobolewa na kuvu inabaki nje hadi inakufa njaa. Shayiri zenye kinga hiyo zimekuwa sokoni Ulaya toka mwaka 1979 na bado inasimama, wakati kinga nyingine nyingi za shayiri huvunjwa ndani ya miaka michache.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kinga ya zamani ya njegere, ile inayoitwa er1, na kinga moja ya nyanya, zilipochunguzwa zikakutwa ni hitilafu ya jeni hiyohiyo. Wakulima wa sehemu tofauti waliichagua bila kujua. Mwaka 2014 watafiti wa China waliizima kwa makusudi kwenye ngano, ambayo ina nakala tatu za kila jeni kwa hiyo kuipata kwa bahati isingekuwa rahisi.

Haiji bure. Shayiri yenye kinga hiyo huota vidoa vya seli zilizokufa zenyewe, mavuno yanaweza kupungua kidogo, na magonjwa mengine yanayopenda seli zilizokufa yanaipata kirahisi zaidi. Wazalishaji walichukua miaka kuirekebisha. Kwa maboga na matango, tafuta kwenye pakiti maandishi yanayosema mbegu inastahimili Podosphaera xanthii. Kustahimili maana yake utauona unga kidogo, mwishoni, wakati umekwisha kuvuna.

---

KoroshoTu

Na sisi wa mikorosho? Darubini ametaja halafu akapita.

---

Darubini

Samahani mkuu. Mikorosho ya Tanzania inaujua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kusini, Mtwara na Lindi, ndiko ulikotesa zaidi. Kuvu inapenda tishu changa: majani mapya, maua, na korosho zikiwa bado kama punje. Maua yakishikwa yanakauka kabla ya kutunga, mavuno yanaondoka. Majani yaliyokomaa hayapati sana. Ndiyo maana vumbi la salfa hupulizwa kuanzia maua yanapochomoza, alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande ili vumbi lishike. Machipukizi ya ndani yaliyo kivulini yaondolewe kabla ya msimu wa maua, maana huko ndiko kuvu inakojihifadhi.

---

KoroshoTu

Na miembe iliyo katikati ya mikorosho?

---

Darubini

Kwa vinasaba inaonekana ni jamaa moja, kwa hiyo nisingeiamini. Kagua maua ya miembe siku unayokagua ya mikorosho. Hapa mshauri wa mawaridi angekuwa na hoja.

---

JaniBichi

Nakubaliana naye, neno kwa neno.

---

Kizibo

La mwisho kutoka kwangu. Msimu umeisha, majani yamejaa unga. Nichome, nifukie, au niweke kwenye mboji?

---

JaniBichi

Unga wenyewe unakufa pamoja na jani, hauhitaji moto. Ila angalia kwa karibu kama ndani ya ule weupe kuna vidoa vidogo vyeusi, vidogo kuliko punje ya ulezi. Hivyo ni vifuko vya spora za akiba, mara nyingi vinatokana na kuvu mbili za jinsia tofauti kukutana, na ndivyo vinavyovuka msimu mbaya. Ukiviona, fukia chini sana au weka kwenye mboji inayopata joto la kweli, si rundo lililolala pembeni. Usipoviona, mboji yoyote inatosha. Sehemu zenye mimea ya kijani mwaka mzima kuvu mara nyingi haijisumbui kuvitengeneza, inahamia tu kwenye mmea mwingine wa ukoo uleule, kwa hiyo maboga yaliyojiotea pembezoni mwa shamba ni ya kung'oa kabla ya hayo majani makavu.